Mavi ya Chuma

Lugha yangu haina haya:
chuma kikiyeyuka, taka zikaelea juu,
taka hizo twaziita mavi ya chuma.
Nilipomtafsiria Zefla jikoni kwake, huku Silesia,
mimi mpangaji wa chumba chake cha juu,
alicheka hadi akashika meza.
"Kumbe," akasema, "niliolewa na topasi.
Topasi wa tanuri, miaka thelathini na mmoja."

Ginter aliendesha kigarimoshi
chenye mabakuli sita, kila moja limejaa uji wa moto,
kutoka tanurini hadi ukingoni mwa kilima.
Saa tatu na robo usiku alivuta wenzo,
bakuli likainama kama birika la kunawisha wageni,
na kilima kikawa chekundu mpaka miguuni.

Mji mzima ulipata mchana wa dakika nne.
Watoto walimalizia hesabu zao dirishani.
Zefla alitia uzi kwenye sindano.
Kazi moja tu, aliiwekea nuru ile,
balbu wakati huo ilikuwa ya kuhurumiwa.
Asubuhi shuka zilizolala kambani zina madoa ya masizi,
naye huzifua upya, akililaani tanuri
na mume humo humo.

Chuma chenyewe hawakukiona.
Kiliondoka na behewa, kimepigwa mhuri,
kikawa reli ya wengine, meli ya wengine,
daraja ambalo Ginter aliliona mara moja,
kwenye kalenda ya kinyozi.
Wao walibakiwa na mlima.
Hesabu gani hii, mpishi kupewa ukoko?
Na ukoko afadhali,
ukoko hulika.

Ginter alikohoa miaka miwili.
Hapo Zefla hakuniambia zaidi.
Alifuta meza iliyokuwa safi tayari.

Tanuri lilizimwa siku ya Alhamisi.
Saa tatu na robo watu walisimama madirishani,
wakaona usiku,
usiku wa kawaida kama wa mji wowote.
"Ndipo nilipojua nimezeeka," anasema.
"Uzi haukuingia."

Mibetula ikaota juu ya mlima, myeupe, bila kuomba ruhusa.
Theluji ikianguka, watoto huteleza na masinia ya mama zao.
Kisha akaja Radomir, kijana wa kofia ya manjano,
na karatasi ya kampuni:
mavi yana soko siku hizi.
Yatachimbwa, yatasagwa, yatalazwa chini ya barabara kuu,
mengine yaingie kwenye saruji,
tani kwa tani, mpaka uwanda.

Zefla akamwuliza mlangoni:
"Mwaka wa sabini na nne uko tabaka gani?"
Radomir alidhani ni swali la kitaalamu.
Akakuna shingo, akapiga hesabu.
"Katikati, mama. Labda mita kumi na mbili kutoka juu."
"Mkifika, nijulishe.
Ndio mwaka alioanza zamu ya usiku."

Alikuja mwezi wa Machi, buti zimejaa tope,
amekumbatia bonge mithili ya mkate.
"Nadhani tumefika," akasema.
Zefla hakumwuliza amejuaje.
Lilikuwa la buluu, kama kioo cha chupa ya zamani,
na ndani yake mapovu,
pumzi ndogo ndogo zilizokosa pa kutokea.

Sasa liko kwenye kifuniko cha pipa, sebuleni kwa baridi,
linakandamiza kabichi ichachuke.
Jirani amesema ni hatari. Zefla amemwambia
kifuniko ni kinene, na bonge limeoshwa mara tatu.
Nimeila kabichi hiyo, na soseji, na viazi.
Meno yaliniuma kwa uchachu, nikaongeza.

"Na chuma," akauliza akinipakulia,
"chuma chenyewe, huko kwenu mnakiitaje?"
Chuma, nikamwambia.
"Basi? Neno moja tu?"
Neno moja tu.
Akatikisa kichwa, akalitazama bonge,
akaenda kuligeuza upande wa dirisha.